Tangi Nusu

Mwezi wa Mei, moto bado haujazaliwa.
Nyasi za Nevada zingali na kijani cha kukopa.
Uwanja wa zamani wa mnada wa ng'ombe,
koni arobaini za rangi ya chungwa,
gari namba 4417, na Arlene Uriarte
akila tofaa kwa kisu.

"Nani hapa amewahi kuungua?"
Colby akanyoosha mkono, akapandisha shati tuone kovu.
"Nani amewahi kupinduka?"
Kimya. Upepo ukaangusha koni moja.
"Basi mmefundishwa nusu," akasema,
akatupa kokwa.

Siku ya kwanza hatukuwasha injini.
Tulilizunguka gari kwa miguu, kiganja kwenye bodi,
kama mtu anayempapasa ng'ombe kabla ya kumkama:
nati za magurudumu, tone la mafuta mchangani,
sanduku la mipira ya maji lililosahauliwa wazi,
na ile kabari ya mbao chini ya tairi la nyuma
aliyotaka niipige teke mara mbili
nisikie kwamba ipo.

Siku ya pili, kurudi nyuma.
Maxine Tybo alisimama kule kuniongoza kwa mikono.
Ukimpoteza kiooni, simama. Kanuni yote ndiyo hiyo.
Nilimpoteza. Sikusimama.
Nilidhani najua alipo.
Koni ikapasuka chini ya tairi.
Arlene akaiokota, akaipangusa vumbi,
akaiandika kwa kalamu nene: MAXINE.
Akaiketisha kiti cha pembeni, akaifunga mkanda.
Nilisafiri nayo hadi Ijumaa.

Kisha maji.
Lita elfu tatu: tangi likijaa ni mzigo mzito lakini mkweli.
Likiwa tupu, gari linarukaruka mashimoni, basi.
Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma.
Wahenga hawakuendesha debe nusu.
Debe nusu halivumi. Linakusikiliza.
Unakata kona, nalo linakubali;
unanyoosha usukani, na maji
yanaikumbuka kona
wewe ukiwa umeshaisahau.
Nilihisi mkono mpana ukinisukuma bega,
na gurudumu la kulia likakaa hewani
muda wa kumeza mate.
"Sasa umemjua," akasema Arlene. "Rudia. Polepole."

Jioni alitoa ufunguo mfukoni.
Namba 4409. Hakuna tena gari linaloufungukia.
"Agosti. Moto tulikuwa tumeuzima tangu juzi.
Hakuna aliyetuita. Hakuna nyumba iliyoungua.
Denny alifungua mkanda aifikie chupa ya maji,
nami nilikuwa na njaa,
na barabara ilikuwa imenyooka, imenyooka,
mpaka ilipoacha."
Aliurudisha ufunguo. Akatuuliza nani ataosha gari.

*

Agosti yetu ilifika na majivu kwenye meno.
Saa kumi na tano kazini, tangi nusu,
Colby amelala kinywa wazi, paji la uso kwenye kioo.
Changarawe nyeupe mbele ya taa,
na jikoni kambini wanafunga saa tatu kamili.
Kilomita thelathini. Ningeweza kuwahi.
Kope zikashuka, zikapanda,
na kati ya kushuka na kupanda
kulikuwa na mtaro ambao sikuuona ukija.

Nikapunguza mwendo. Nikatoka pembeni. Nikazima.
Kuna maneno nilishayasema redioni bila sauti kutetemeka:
upepo umegeuka, tunaondoka, ongezeni maji.
Haya yalinikwama kooni kama mfupa:
"Maxine, nimechoka. Shika wewe."

Hakujibu kitu. Alishuka upande wake, mimi wangu,
tukapishana nyuma ya gari gizani,
kila mmoja kiganja kwenye bodi.
Nilifunga mkanda. Nilisikia na wake ukifunga.
Maji yakayumba mara moja, mara ya pili,
yakanyamaza.

Jiko tulilikuta limefungwa.
Tulikula maharage baridi ndani ya kopo,
sote watatu, tukigombea kijiko kimoja.